Bahasha Niliyoikata Mwenyewe

Nechesa mwanangu,

Nyumbani hakukaliki kwa maandalizi ya sherehe ya kukuaga, kwa hivyo nimekuja ofisini shuleni nikuandikie. Mama yako na majirani wanachoma manyoya ya kuku, kwaya imeshika viti vyote, na wewe mara ya mwisho nimekuacha umekaa kwenye mkeka unasukwa nywele, kichwa umekiinamisha kama mtu anayeombewa. Niliaga kwamba nakuja kutafuta chaki. Leo ni Jumapili, shule imefungwa, na mwalimu mkuu anatafuta chaki. Ulinicheka bila kuinua kichwa, nami nikatoka haraka kabla hujaniuliza la pili.

Mambo ya sanduku, kufuli, blanketi na dawa ya kikohozi mama yako ameyamaliza tangu wiki iliyopita, sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nikilizunguka sana nitashindwa kulisema.

Barua ya idara ya hisabati ilikuja. Ilikuja mwezi wa sita, ina jina lako juu, imepigwa taipu vizuri. Niliifungua. Niliisoma. Niliijibu badala yako, kisha nikaificha. Kila ulipouliza, "Baba, leo hakuna barua?" nami nikakujibu, "Hakuna, mama," ilikuwa kwenye droo hii ambayo goti langu linaigusa sasa hivi.

Hebu pumzika kidogo hapo. Mimi mwenyewe nimeweka kalamu chini.

Wewe umekua ukiona namna barua zinavyofika kwetu. Lurambi nzima ya upande huu haina sanduku la posta isipokuwa la shule, na ufunguo nimekuwa nao tangu niwe mwalimu mkuu. Kila Ijumaa napanda baiskeli hadi posta ya Kakamega, narudi na mkoba, watu wananingoja hapo nje kwenye ngazi. Unajua pia sheria yangu. Asiyejua kusoma simfungulii barua peke yangu. Namwambia, "Shika mwenyewe, nikate," anaishika bahasha kwa mikono miwili, nami napitisha wembe ukingoni polepole. Kukhu Ayuma, yule bibi kizee wa kule mtoni, mwanawe alipokuwa bado anamwandikia kutoka mjini, alikuwa akifumba macho wembe ukipita. "Mwarimu," ananiambia, "wewe hauwezi kufunguanga ya mtu. Ndiyo maana sisi tunaringanga na wewe." Nilikuwa napenda sana kuambiwa hivyo. Nilijiona mtu.

Siku ile ya mwezi wa sita nilisimama palepale posta, sikungoja hata kufika nyumbani. Bahasha ya chuo kikuu. Nikajiambia ni ile ya vitabu vya kununua, au tarehe ya kuripoti, mambo ambayo mzazi ayajue mapema. Nikaikata. Hakuna aliyeishika.

Barua ilisema hivi. Kwamba kati ya wote waliopokelewa mwaka huu, idara imewachagua wachache ambao alama zao za hisabati zimeipendeza, na wewe ni mmoja wao. Kwamba unaweza kuacha kozi ya Ualimu uliyopewa, yenye masomo mawili, ukaingia ile tuliyokuwa tukiiita kozi ya heshima: hisabati peke yake, kwa kina, na mwaka wa mwisho unaandika kazi yako mwenyewe na kuitetea mbele ya wahadhiri. Kwamba wanaoikubali watapewa chumba ndani ya chuo, kwenye bweni lililo karibu na maktaba, wawili wawili. Wasioikubali wangoje vyumba kama wengine, au wapange nje. Kulikuwa na fomu, nakala mbili, moja ya kurudisha na moja ya kubaki nayo. Visanduku viwili vya kutia alama. Sahihi ya mwanafunzi, sahihi ya mzazi.

Nilitia alama kwenye kisanduku cha pili. Nikaandika pembeni kwamba familia inashukuru, lakini binti atasoma Ualimu na atakaa kwa shangazi yake mjini. Nikatia sahihi yangu. Kisha nikatia yako.

Nechesa, mimi ndiye niliyekushika mkono ukiwa na miaka mitano, nikakufundisha N yako. Unaijua, ile yenye mkia unaorudi chini ya jina lote. Niliiandika bila kuhangaika. Haikuchukua hata dakika, nikailamba bahasha nikaitia kwenye tundu la posta, nikapanda baiskeli. Njiani nilisalimia watu kama kawaida.

Ningekuwa nimekunyima barua tu, pengine leo ningekuwa na uso wa kukutazama. Lakini unakumbuka mwezi wa saba, yule rafiki yako wa Mumias, Zaituni, alipokuja kututembelea na barua yake mkononi? Alama zake za hisabati zilikuwa chini ya zako. Alishangaa: "Kwani yako haijafika? Wallahi nilidhani wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa." Ulimpongeza, ukampikia chai, ukamsindikiza hadi barabarani. Uliporudi ukaanza kuosha vikombe, na bila kugeuka ukasema, "Labda nilikuwa mzuri hapa kwetu tu, baba. Huko nje kuna watu." Nilikuwa nimekaa mezani. Nikakuambia, "Usijali, Ualimu ni kazi nzuri." Uliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana. Mimi nikafungua gazeti.

Tangu siku hiyo hukuniuliza tena habari za barua. Uliacha pia kufanya zile hesabu zako nyuma ya kalenda za zamani. Mama yako alidhani umechoka na mwaka huu mrefu wa kungoja chuo. Mimi nilijua, na nilinyamaza, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko sahihi yenyewe. Nilimwacha mtoto wangu ajione hafai, nami nina ushahidi kwenye droo kwamba anafaa.

Sasa utauliza kwa nini. Sababu nilizojipa ni nyingi na zote zina sura nzuri. Kwamba mabweni siku hizi si kama ya zamani: serikali imeacha kuwalisha wanafunzi, watu wanapika chumbani kwa koili ya umeme, chumba cha wawili kinalaza watano, mgomo ukitokea mnapewa saa moja muwe mmetoka nje ya lango. Kwamba kwa shangazi yako Roselida utakula mezani na utalala mlango umefungwa. Kwamba msichana peke yake, mbali, na kadhalika. Haya yote ningeweza kukuambia barazani, tukabishana, ukanishinda kama kawaida yako. Nisingehitaji wembe.

Sababu yenyewe ilikuwa mwishoni mwa ile barua. Chini ya jina la mkuu wa idara kulikuwa na mistari miwili kwa kalamu ya wino: "Nimeona jina la baba. Kama ni yule tuliyekaa naye chumba kimoja, tafadhali mpe salamu zangu. Makokha."

Hujawahi kulisikia jina hilo. Nilihakikisha hutalisikia.

Wewe umelelewa na hadithi moja juu yangu. Kwamba nilikuwa wa kwanza kutoka hapa kwetu kwenda chuo kikuu, na kwamba nilikiacha mwaka wa pili kuja kumwuguza baba yangu, kuka yako, aliyepooza mguu. Mama yako aliolewa nami kwa hadithi hiyo. Imehubiriwa kanisani, nimekaa kiti cha mbele. Uliiandikia insha darasa la saba ukapata alama za juu, na mimi ndiye niliyekusahihishia.

Sikuacha chuo. Nilifukuzwa.

Na mimi nilikuwa kwenye hiyo kozi ya heshima. Makokha na mimi tulipewa chumba kimoja, vitanda viwili na meza moja katikati, shuka tunabadilishiwa kila wiki, jambo ambalo wote wawili hatukuwa tumeliona tangu tuzaliwe. Mwaka wa kwanza nilikwenda kwa nguvu za nyumbani. Mwaka wa pili hesabu ziligeuka, hazikuwa tena za kupata jibu, zilikuwa za kuonyesha kwa nini jibu lipo. Nikapotea wiki ya tatu tu. Mwalimu anauliza, "Tuko pamoja?" naitikia kwa kichwa kabla ya wenzangu. Makokha anasogeza kiti upande wangu wa meza, ananiambia kwa upole, "Bwana, hapa hata mimi nilikwama, tuangalie." Nami namjibu, "Nimeelewa." Mtoto niliyeongoza wilaya nzima nitaonyeshwa hesabu na mtu wa kutoka shule isiyojulikana? Nilisema nimeelewa muhula mzima. Nadhani ndilo neno nililolisema mara nyingi zaidi katika chuo kile.

Mwishowe kukawa na kazi ya kuandika, yenye alama nyingi. Makokha alikwenda kuoga, kazi yake iko wazi mezani. Nikainakili. Hata kosa lake moja nikalinakili, na hilo ndilo lililotuumbua. Tuliitwa wote wawili. Mkuu wa idara wa wakati ule aliuliza, "Nani amenakili ya mwenzake?" Nilitazama sakafu. Nikamwacha Makokha akae pale dakika nzima akisubiri niseme, na sikusema. Wakampa chaki, wakamwambia atuonyeshe mstari kwa mstari. Akaonyesha, na lile kosa akaliona hapohapo ubaoni, akalifuta, akalisahihisha. Kisha wakanipa mimi chaki. Hiyo chaki, Nechesa, nimeishika hadi leo.

Makokha alinibebea sanduku hadi kituo cha basi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza." Sijamwandikia hata siku moja.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha kutunga uwongo: baba anaumwa. Sikuwa nimefikiri nitamwambia nini baba mwenyewe. Nilimkuta anapalilia mahindi, mzima kabisa. Nikamwambia ukweli, nikamwambia na huo uwongo ambao nimeshamsimulia kila niliyekutana naye tangu sokoni. Alisimamisha jembe, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga, alirudi kupalilia. Jumapili iliyofuata alikata mti, akautengeneza fimbo, akaenda nayo kanisani anachechemea. Watu wakamzunguka: "Pole mzee, mguu umekuwaje?" Naye anajibu, "Ni huu tu, unanisumbuanga. Lakini Mungu amenipa kijana."

Alichechemea hivyo hadi alipokufa, Nechesa. Nyumbani kwake, tukiwa wawili, alitembea sawasawa. Akisikia mtu langoni, ananyoosha mkono kutafuta fimbo. Ile fimbo iliyoko sebuleni juu ya picha yake, ambayo ukiwa mdogo uliifanya farasi nikakuchapa kwa kukosa heshima, ndiyo hiyo. Nilikuchapa kwa sababu sikuweza kuitazama ikiruka huku na huku.

Ndiyo maana nilipoona jina la Makokha nikatafuta kalamu palepale. Nilikuona umekaa mbele yake, anakuuliza baba hajambo, na wewe kwa majivuno unamsimulia habari za mguu wa kuka. Sikuogopa bweni. Sikuogopa mgomo wala koili. Nilijiogopea mimi. Baba yangu alijivika uwongo ili anifiche mimi. Mimi nimekuvika wewe uwongo ili nijifiche. Nimeupindua wema wa mzee yule ndani nje, na wewe ndiye uliyeubeba.

Usifikiri pia kwamba nimekuja kutubu kwa hiari yangu. Juzi mama yako alikuwa anatafuta cheti chako cha kuzaliwa, akaja hapa ofisini, akafungua droo. Unamjua, akisoma anasogeza midomo. Nilipoingia alikuwa anaisoma mara ya pili. Nikajaribu kueleza habari za mabweni. Akanikatiza: "Baba Nechesa, hiyo ya hositeri umeambia mimi mara ngapi, nimesikia. Sasa sema ile ingine." Nikasema yote, na ya fimbo pia. Alikaa kwenye kiti cha mgeni, akasema, "Miaka yote nimekuwanga nikiambia watu mimi nimeolewa na mtu wa huruma." Alikunja barua akairudisha kwenye bahasha. Mlangoni akageuka. "Mimi sitamwambia. Ni wewe. Lakini huyu mtoto hatapanda gari kama hajui."

Kwa hivyo ujue. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya idara, na nakala ya pili ya fomu, ile ya kubaki nayo. Iko wazi. Nimetia sahihi yangu tu, pale pa mzazi. Visanduku sijavigusa. Pia kuna barua nyingine, ya Makokha, haijafungwa ili uisome kwanza. Nimemweleza kwamba jibu alilopokea mwezi wa sita halikuwa lako, kwamba nilighushi sahihi yako, kwa nini, na kwamba kama chuo kinataka kunichukulia hatua mimi niko hapahapa na jina langu ni lilelile. Nimemwambia na lile ambalo sikumwambia siku ya chaki. Sijui kama nafasi bado ipo. Inawezekana nimeipoteza kabisa, na nikikuambia hapana nitakuwa naanza uwongo mwingine.

Kesho kutwa utakapofika, kabla ya kupanga foleni ya usajili, nenda kwanza kwenye idara yao. Ukishasajiliwa Ualimu itakuwa vigumu kurudi nyuma.

Au usiende. Hilo ni lako. Nimejaribu kufikiri nikushauri nini na kila mara naona ule mkono wangu ukiandika jina lako. Lakini ninayoyajua kwa kuyapitia nitakupa, uyatumie utakavyo. Ile kozi ya heshima haina mahali pa kujificha, mko wachache na wanakujua kwa jina. Ilinitisha mimi kwa sababu nilikuwa na cha kuficha. Wewe sijawahi kukusikia ukisema umeelewa wakati hujaelewa. Tangu ukiwa mtoto ulikuwa unanichosha kwa "kwa nini". Chumba cha bweni kina kelele na hutakuwa na siri, lakini mwenzako wa chumba anaweza kuwa ndiye mtu atakayekusogezea kiti. Kwa shangazi Roselida utapendwa, nawe utaosha vyombo, utabeba watoto, na jioni maktaba ikiwa bado iko wazi utakuwa unakimbilia gari. Ualimu nao si kazi ya walioshindwa, ingawa mimi niliuingia nikiwa nimeshindwa na nimekuwa nikiusema vibaya moyoni miaka yote. Ukiupenda, usome. Ila usiusome kwa kudhani hukutakiwa kwingine. Ulitakiwa. Walikuandikia barua.

Nasikia wananiita nyumbani, nadhani chakula kimeiva. Nitakuja kukaa kwenye kiti cha mzazi, nitapewa nafasi ya kusema, na watu watangoja ile hadithi yangu ya chuo na mguu wa mzee. Sitaisimulia. Nitasema nakupenda na kukaa chini, wachache watanong'ona kwamba Mwalimu amezeeka. Bahasha hii nitampa mama yako, akukabidhi kesho asubuhi, usiisome mbele ya wageni. Kama hutataka kuniaga, pita tu upande wa jikoni. Sitauliza.

Ijumaa nitawaita watu wa barua hapo kwenye ngazi niwaambie sistahili tena kushika mkoba. Ufunguo wa sanduku nimempa mama yako tangu juzi, na baiskeli ameshaanza kuijaribu uwanjani.

Ukiniandikia, na usipoandika nitajua kwa nini, yeye ndiye atakayeileta. Nimemwomba asiifungue peke yake wala asinipe niifungue. Nitaishika kwa mikono miwili, yeye atakata.

Baba yako